Jalada Likirudishwa, Si Lazima Mtu Kahongwa

Hotuba ya wakili wa serikali mstaafu kwa wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata na wananchi, Wiki ya Sheria

Ndugu mwenyekiti wa mkutano, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji, mama zangu, vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma. Wakubwa wote shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Nafasi ya mwendesha mashtaka katika kesi ya jinai". Mada ya namna hiyo humlaza mtu kabla chai haijaletwa, kwa hiyo nitaanzia kwenye swali mnaloniuliza nyinyi wenyewe sokoni, msibani, hata ndani ya daladala: "Wakili, yule mwizi tulimkamata kwa mikono yetu, tukampeleka kituoni sisi wenyewe. Wiki ya pili tunamkuta kijiweni anakunywa kahawa. Kamhonga nani?"

Sitasimama hapa niseme hakuna anayehongwa. TAKUKURU haikuundwa kwa ajili ya malaika. Ila katika utumishi wangu nimeona majalada mengi, yaani mafaili ya upelelezi wa kesi, yakifia mezani bila shilingi kupita mkono wowote. Yalikufa kwa sababu kilichoandikwa ndani hakikutosha, na aliyekataa kuyapeleka mahakamani alikuwa anatimiza wajibu wake. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo, maana kazi yetu ya mahakamani mnaiona; mnamwona wakili amevaa suti nyeusi anamhoji shahidi. Kazi ya mezani hamuioni, na humo ndimo kesi nyingi hupona au hufa.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Mashtaka ya jinai nchini Tanzania hufunguliwa kwa jina la Jamhuri, na mwenye mamlaka juu yake ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Ofisi hiyo imetajwa ndani ya Katiba, ibara ya 59B, iliyoingizwa na mabadiliko ya mwaka 2005. Zanzibar wana Mkurugenzi wao. Mkurugenzi hawezi kuwa Kisutu, Bukoba na Songea kwa siku moja, hivyo anafanya kazi kupitia mawakili wa serikali na waendesha mashtaka aliowateua.

Wazee hapa wanakumbuka ilivyokuwa zamani. Mahakama ya wilaya aliyesimama upande wa Jamhuri alikuwa inspekta wa polisi, tena mara nyingi anatoka kituo kilekile kilichomkamata mtuhumiwa. Wapo waliokuwa hodari sana, wengine walitushinda sisi wenye shahada. Tatizo halikuwa uhodari. Mtu anayekula meza moja na mpelelezi atamwambiaje kesho asubuhi kwamba upelelezi wake haufai? Sheria ya mwaka 2008 ikaanza kuzitenganisha kazi hizo mbili, polisi wapeleleze na raia waendeshe mashtaka. Mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikatolewa chini ya dari la Mwanasheria Mkuu, ikawa ofisi inayojitegemea. Mahakama za mwanzo ziko tofauti. Kule kwa kawaida hamtamkuta wakili wa serikali, mlalamikaji anasimama mwenyewe na mashahidi wake.

Sasa twende mezani.

Chukueni jalada la unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo adhabu yake haipungui miaka 30 jela, kwa hiyo hakuna utani. Ndani mna maelezo ya mlalamikaji, maelezo ya mkewe, maelezo ya jirani, PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, inayoonyesha jeraha la panga begani, ramani ya eneo la tukio, hati ya kukamata mali inayotaja runinga moja, na maelezo ya onyo, yaani yale anayotoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, ambamo anakiri. Ukilipima kwa mkono ni zito. Mpelelezi amelileta akiwa na furaha, anasema, "Wakili, hii hata mtoto anashinda."

Nafungua maelezo ya mlalamikaji. Anasema saa nane usiku waliingia watu wanne wenye mapanga, na mmoja wao, jirani yake wa mtaa wa pili, alimtambua "kwa mwanga wa tochi". Nasimama hapohapo. Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Nasoma tena, haijaandikwa. Nyumba haina umeme, na aliyeingia na tochi ni mnyang'anyi. Mtu anayekumulika machoni usiku wa manane anakuona vizuri sana wewe. Wewe yeye humuoni, unaona jua dogo jeupe limekukabili.

Hilo sikulibuni. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliweka maswali ambayo kila wakili wa jinai nchini anayajua kwa moyo. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Umbali ulikuwa hatua ngapi? Mwanga ulikuwa wa nini, na ulikuwa mkali kiasi gani? Kulikuwa na kitu kilichomziba? Alikuwa anamfahamu kabla? Mahakama isipopata majibu, utambuzi wa usiku haubebi hukumu. Na msidhani mahakama ilikuwa inawahurumia wezi. Mtu aliyeingiliwa usiku, moyo unadunda, panga liko shingoni, anaweza kukosea kwa nia safi kabisa. Shahidi muongo tunaweza kumbana kwa maswali mpaka aanguke. Shahidi mkweli aliyekosea ni hatari zaidi, maana anaamini anachosema, na hakimu anaona anaamini.

Nageuza ukurasa. Jirani aliyefika baada ya mayowe anasema alimuuliza mlalamikaji, "Umewajua?" naye akajibu, "Walijifunika nyuso." Kule kituoni taarifa ya kwanza iliandikwa alfajiri, RB, yaani kumbukumbu ya taarifa hiyo kituoni, ipo, na haina jina la mtu. Jina linaonekana mara ya kwanza siku tatu baadaye, baada ya kijana huyo kukamatwa kwa jambo jingine. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mtu mapema anapata uzito, na anayechelewa bila sababu anatia shaka.

Maelezo ya onyo je, si amekiri? Sheria inampa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu anapokamatwa, na zikihitajika zaidi kuna utaratibu wa kuziongeza. Huyu alikamatwa Jumatatu asubuhi, maelezo yameandikwa Jumatano jioni, hakuna karatasi ya kuongeza muda. Wakili wa utetezi atasimama kabla sijamaliza kuyataja. Na mimi mwenyewe najiuliza kuanzia Jumatatu hadi Jumatano kilikuwa kinafanyika nini huko ndani.

Inabaki runinga. Imekutwa kwa kijana. Mlalamikaji anasema ni yake kwa sababu ina mkwaruzo pembeni. Hakuna risiti wala namba ya mashine, na katika maelezo ya kwanza hakuutaja mkwaruzo. Ameutaja baada ya kuonyeshwa kituoni. Hati ya kukamata mali imesainiwa na askari peke yao. Mwenyekiti wa mtaa hakuitwa.

Hilo ndilo jalada zito.

Wakili ana njia tatu hapo. Anaweza kuandaa hati ya mashtaka na kwenda mahakamani. Anaweza kulirudisha kwa mpelelezi na maelekezo. Anaweza kulifunga. Jalada hili mimi ningelirudisha, na maelekezo yangu yasingekuwa "kamilisha upelelezi", maneno ambayo mpelelezi akiyasoma hajui aanzie wapi. Ningemwandikia: muulize mke alimwona nani na kwa mwanga gani, muulize kama kulikuwa na taa ya sola sebuleni na ilikuwa inawaka, tafuta duka ilikonunuliwa runinga, muulize mtuhumiwa aliipata wapi na ukamhoji huyo aliyetajwa, mfuate mtu wa kwanza aliyepigiwa simu usiku ule, aseme aliambiwa jina gani.

Majibu yakija kwamba taa ya sola ilikuwa inawaka, kwamba kijana alikuwa mpangaji wao mwaka jana, na kwamba mke alimtaja kwa balozi wa nyumba kumi usiku uleule, kesi imesimama, naenda nayo kifua mbele. Majibu yakija kwamba runinga aliiuziwa na fundi sokoni, na fundi mwenyewe anakubali, kijana anakwenda nyumbani na mimi naanza kumtafuta aliyemuuzia fundi. Na nyinyi mtamwona kijiweni, mtasema wakili kala.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo wananchi wengi hawalijui, nalo ndilo linatufanya tuwe wagumu. Mtu akiachiwa kituoni kwa sababu ushahidi haujatosha, mlango haujafungwa. Ukipatikana kesho anarudishwa. Lakini nikikimbilia mahakamani na jalada bovu ili mtaa ufurahi, mashahidi wakasikilizwa, hakimu akamwachia huru, basi kosa lile haliwezi kumrudia tena, labda Jamhuri ikate rufaa na kushinda. Hata akitokea shahidi wa kweli mwezi unaofuata, tumechelewa. Wakili anayekimbilia mahakamani ili kuwaridhisha watu anaweza kuwa ndiye aliyempa mhalifu kinga ya maisha.

Mwaka 1957 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, kwenye kesi ya Bhatt, ilieleza maana ya kesi ya kujibu. Ni pale ambapo ushahidi wa upande wa mashtaka, mshtakiwa akinyamaza kimya asiseme neno, ungeweza kumtia hatiani mbele ya mahakama yenye busara. Mimi hicho ndicho kipimo nilichokitumia mezani. Nilikuwa najiuliza: huyu akija akanyamaza tu, nimebaki na nini? Kama kesi yangu inategemea mshtakiwa ajikwae akijitetea, sina kesi.

Nirudi kwa yule jirani aliyeambiwa "walijifunika nyuso". Tuseme majibu yamekuja mazuri, nimeamua kushtaki. Nimfanye nini jirani huyu? Ananiharibia. Wakili kijana atashawishika kumwacha nje ya orodha ya mashahidi. Mwaka 1972 mahakama hiyohiyo ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Bukenya dhidi ya Uganda, ilisema upande wa mashtaka una wajibu wa kuwaleta mashahidi wote wanaohitajika ili ukweli ujulikane, hata kama maneno yao yanapingana. Ukiwaficha, mahakama inaweza kukuhesabia kwamba wangekuja wangesema kinyume chako. Jirani aje, aseme alichosikia, na mke aje aseme alichoona. Hakimu apime.

Mnaona sasa tofauti yangu na wakili wa utetezi? Yeye ana mteja. Anaruhusiwa, tena anapaswa, kusimama upande mmoja. Mimi mlalamikaji si mteja wangu, na hili huwauma sana. Mama anakuja ofisini ananiambia, "Wewe ndiye wakili wangu." Namjibu kwa heshima, "Mama, mimi ni wakili wa Jamhuri, na yule kijana aliye mahabusu naye ni Jamhuri." Hapendi. Jaji Rand wa Kanada aliandika miaka ya 1950 kwamba kazi ya mwendesha mashtaka haijui kushinda wala kushindwa. Maneno mazuri hayo. Ila tuseme ukweli, vikao vya tathmini vinaanza na swali, "Umeshinda ngapi?" Sijawahi kukaa kwenye kikao ambacho wakili alipongezwa kwa jalada alilolikataa kwa haki, na mimi naona hilo ni kosa la kiutawala linalozaa makosa ya kisheria. Kijana anayepimwa kwa idadi ya hatia atatafuta hatia.

Ibara ile ya 59B imempa Mkurugenzi uhuru. Inasema hataingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote, na inamtaka azingatie mambo matatu: kutenda haki, kuzuia taratibu za utoaji haki zisitumike vibaya, na maslahi ya umma. Kwa hiyo mkuu wa wilaya hawezi kumwagiza nani ashtakiwe. Diwani hawezi. Mwenye kampuni hawezi. Samahani waheshimiwa, nawaona mnacheka, lakini simu zinapigwa.

Uhuru huo una upande wake wa pili. Mkurugenzi anaweza kuondoa shauri mahakamani wakati wowote kabla ya hukumu kwa kutamka tu kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea. Mawakili wanaiita nole. Hakimu hana la kufanya, anamwachia mshtakiwa. Mlifuatilia kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, na wenzake watatu. Februari 2022 Mahakama Kuu iliamua wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi Mkurugenzi akaiondoa. Juni 2021 masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walitoka baada ya kukaa mahabusu miaka mingi, kwa njia ileile ya kuondolewa mashtaka. Mtu akiuliza sababu, sheria yetu haimlazimishi Mkurugenzi kuisema hadharani.

Majirani zetu Kenya walifanya vingine. Katiba yao ya 2010, ibara ya 157, inamkataza Mkurugenzi wao kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Wamempa pia kipindi kimoja tu cha miaka minane, kisichorudiwa, asije akafanya kazi huku akiangalia nani atamteua tena. Mimi napenda zaidi utaratibu wao. Wenzangu wengi wa kazini hawakubaliani nami. Wanasema hakimu akianza kumuuliza mwendesha mashtaka kwa nini unaacha kesi, amekuwa mwendesha mashtaka mwenyewe. Hoja yao ina nguvu. Lakini miaka ya nyuma niliona mashtaka yanaondolewa saa nne asubuhi, mtu anabusu watoto wake, na kabla hajafika geti la mahakama anakamatwa upya kwa shtaka lilelile lililobadilishwa maneno mawili, ili tu hesabu ya siku ianze moja. Kuruhusiwa kisheria haitoshi kulifanya jambo liwe la haki, na Katiba ilisema kuzuia matumizi mabaya ya taratibu ni kazi ya Mkurugenzi mwenyewe.

Sasa niwaambie mamlaka kubwa kuliko zote, ambayo haionekani kabisa. Ni kuchagua kosa la kuandika kwenye hati. Kitendo kimoja cha mtu kupokea fedha asizostahili kinaweza kuandikwa wizi, kughushi, au kutakatisha fedha. Wizi una dhamana. Kutakatisha fedha hakuna. Kwa maneno mawili ya ziada kwenye karatasi, mtu ambaye hajahukumiwa anakwenda kukaa mahabusu mpaka kesi iishe. Zamani Mkurugenzi aliweza hata kuzuia dhamana kwa cheti chake tu. Mahakama ya Rufaa mwaka 2018 ilikikataa kifungu hicho kuwa ni kinyume cha Katiba. Orodha ya makosa yasiyo na dhamana imebaki. Mahakama Kuu iliibatilisha Mei 2020, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikairudisha. Ndiyo sheria, naiheshimu. Kwa sababu hiyohiyo anayeandika hati awe na ushahidi wa utakatishaji mkononi kabla hajaliandika neno hilo, si tumaini kwamba utapatikana.

Tangu 2019 tuna pia makubaliano ya kukiri kosa. Mshtakiwa na Jamhuri wanakaa, anakiri, adhabu inapungua au kosa linashushwa, fedha au mali inarejeshwa, na mahakama inapaswa kumuuliza kama amekubali kwa hiari yake. Kanuni zake zilitoka 2021. Chombo hiki ni kizuri, kimeokoa muda na fedha za umma. Ila hiari ya mtu aliye nje na hiari ya mtu aliyelala mahabusu miaka miwili bila shahidi hata mmoja kusikilizwa hazifanani. Huyo wa pili atasaini hata kwamba yeye ndiye aliyeangusha mvua za El Niño. Wakili mwaminifu, kabla hajamwita mtu mezani, anajiuliza: kama asipokiri, ninaweza kuithibitisha kesi hii? Kama jibu ni hapana, hana cha kujadiliana naye, amwachie.

Tume ya haki jinai iliyoundwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko kuhusu polisi, mashtaka, magereza na wengine. Mwaka mmoja kabla ya hapo sheria ilishabadilishwa, ikasema mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Mnajua wimbo wa zamani: kila baada ya siku 14 mshtakiwa anapanda karandinga, anafika, wakili anasema "Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine", anarudi. Kwenye mauaji wimbo huo bado mnausikia, maana kesi huanzia mahakama ya chini isiyo na uwezo wa kuisikiliza, na mshtakiwa anaambiwa hatakiwi kujibu chochote.

Nimesema sana kuhusu kukataa. Kuna mahali wakili hatakiwi kukubali kuacha hata mkipiga magoti, na hapa nawaomba wenyeviti wanisikilize vizuri.

Kesi za kubaka watoto. Msichana wa miaka 13, baba mdogo au mwalimu au mwenye duka. PF3 ipo, mtoto kaeleza vizuri kituoni, jalada liko safi. Siku ya ushahidi mtoto hayupo. "Kaenda kusoma Tabora." Nampigia mzee wa familia, ananiambia kwa upole kabisa, "Wakili, sisi tumeshakaa kama familia, tumeyamaliza. Tusiendelee kumwaibisha mtoto." Namjibu, "Mzee wangu, mlipokaa, mtoto alikuwepo?" Kimya. Halafu baadaye nasikia ng'ombe wawili na fedha za mahari zimepita.

Ugomvi wa majirani, kupigana kofi, kutukanana, sheria yenyewe inaihimiza mahakama kuwapatanisha watu. Kubaka hakumo. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 adhabu haipungui miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka kumi ni kifungo cha maisha. Mlalamikaji kwenye hati ni Jamhuri, kwa hiyo familia haina cha kusamehe kwa niaba yake. Na Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi bora wa kubakwa ni wa aliyebakwa mwenyewe. Mahakama ikimwamini, maneno yake pekee yanatosha kumtia mtu hatiani. Hii ina maana akija akasikilizwa na kuaminiwa, kesi imekamilika bila hata shahidi wa pili. Ina maana pia akifichwa Tabora, nyumba nzima inaanguka. Mwenye kumficha anajua hilo kuliko nyinyi.

Mwenyekiti, mtoto wa namna hiyo akihamishwa mtaani kwako ghafla, usisubiri barua. Piga simu kwa mpelelezi, au njoo ofisi ya mashtaka ya mkoa. Wakili anaweza kuomba hati ya wito, anaweza kuomba shauri lisikilizwe faragha, anaweza kumtafuta mtoto aliko. Hawezi kufanya hayo kama wa mwisho kuambiwa ni yeye.

Na kwa wizi na unyang'anyi, niwape ya mikononi. Mkimkamata mtu, msimpige. Siwahubirii dini hapa. Maelezo ya mtu aliyevimba uso hayana thamani mahakamani, na mkimuua, jalada litakalofika mezani kwa wakili litakuwa na majina yenu. Kitu kilichokutwa kwake msikipitishe mkono kwa mkono mkakipiga picha kila mtu; kibaki palepale mpaka askari afike, na mwenyekiti asaini hati ya kukamata mali akiwa amekiona kinakamatwa, asije akaletewa karatasi nyumbani jioni asaini. Nimemwona mwenyekiti kizimbani anaulizwa, "Ulikiona kinatolewa wapi?" akajibu, "Niliambiwa chini ya kitanda." Kesi iliishia pale.

Aliyeibiwa akija kwako usiku, muulize jina la aliyemwona na uliandike kwenye daftari lako saa ileile, pamoja na saa yenyewe. Kama hakumtambua, andika hivyo pia. Daftari hilo linaweza kuja mahakamani likamfunga mwizi, au likamwokoa kijana wa watu. Na mkiitwa kutoa ushahidi, njooni. Nauli ikikusumbua, mwambie karani au wakili kabla ya tarehe, si baada ya kesi kuondolewa kwa kukosa mashahidi.

Jalada likirudishwa, mwenye malalamiko ana haki ya kwenda ofisi ya mashtaka kuuliza limekwama wapi. Uliza swali lenye jibu: "Ni ushahidi gani unakosekana, na nani ameagizwa kuuleta?" Wakili aliyelikataa kwa haki atakujibu kwa dakika mbili. Akianza kuzungukazunguka, akakwambia njoo kesho, njoo Ijumaa, basi hapo nenda TAKUKURU, na mimi nitakusindikiza.

Naambiwa chai iko tayari. Tuanze na maswali mawili kwanza. Mama mwenye kitenge cha kijani ulinyoosha mkono tangu nilipotaja dhamana, karibu.